Ligamenti ya goti ikiumia, si lazima upasuliwe

Ukiumia ligamenti ya goti, yaani utepe mgumu unaounganisha mifupa ya goti, usianze na hofu ya kisu. Ile ya upande wa ndani hupata damu ya kutosha, na mara nyingi hupona kwa kuvaa kishikizo cha goti na kufanya mazoezi wiki kadhaa. Ya mbele, iliyo katikati ya goti, ni kaidi zaidi, ila wapo wanaoishi nayo vizuri bila upasuaji, hasa wasiocheza michezo ya kugeuka ghafla.

Kazi kubwa ni ya msuli wa mbele wa paja. Kaa sakafuni, nyoosha mguu, kaza paja ukisukuma goti chini, hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10. Inachosha kwa kuboa, najua. Goti likikwama au likilegea ghafla unapotembea, mwone daktari kwanza.