Kuvuka mipaka ya Ulaya kwa gari ukiwa na pasi ya Afrika Mashariki

Ukiendesha gari kutoka Brussels hadi Amsterdam, hakuna atakayekugongea muhuri. Kwa kawaida hukuti kizuizi wala foleni, ila ubao wa buluu wenye nyota na jina la nchi. Ndivyo sheria inavyotaka ndani ya eneo lote la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao, ambazo sasa ni 29. Wengi wetu tukiona hakuna afisa, pasi tunaiacha nyumbani, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen, pamoja na pasi ambayo haijaisha muda, vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za eneo hilo kwa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Ni ruhusa ya kutembea, haikupi haki ya kufanya kazi huko. Beba vyote viwili, na viwe vyenyewe, maana picha kwenye simu haitoshi. Ufaransa ilirudisha ukaguzi mipakani Novemba 2015, na Ujerumani ikaueneza kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024. Polisi husimamisha baadhi ya magari, hutazama hati, kisha hukuruhusu uende bila muhuri. Kwa hiyo pasi yako haionyeshi siku ngapi umekaa wapi. Tunza risiti za mafuta, za hoteli na za barabara za kulipia. Siku ukiulizwa, hizo ndizo ushahidi wako.

Kwenye mipaka ya nje ya Schengen mambo yamebadilika. Tangu 12 Oktoba 2025 mfumo wa kielektroniki umeanza kuchukua nafasi ya muhuri: mgeni wa muda mfupi hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mwenye kibali cha ukaazi hasajiliwi humo. Mkabidhi afisa kibali pamoja na pasi bila kusubiri kuulizwa, usije ukahesabiwa kama mgeni mwenye siku 90.

Mzazi akija kukutembelea, soma viza yake kabla hujampangia safari. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, akitoka nje ya Schengen hawezi kurudi. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, lakini barabara ya pwani kuelekea Dubrovnik inakatiza Neum, kipande kidogo cha Bosnia, nchi isiyomo Schengen. Pita daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, na hutatoka Kroatia hata kidogo.

Uswisi imo Schengen ila haimo kwenye umoja wa forodha wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo maafisa wa forodha wanaweza kukusimamisha kwa sababu ya mizigo. Nyama mwisho kilo moja kwa kila mtu. Kwa barabara kuu utahitaji stika ya faranga 40.

Mpaka unaonitia wasiwasi zaidi ni ule wa Ireland, kwa sababu ni rahisi mno kuuvuka. Ireland na Uingereza haziko Schengen, na kati ya Dublin na Belfast hakuna kituo cha ukaguzi barabarani. Hata hivyo kibali cha Ireland hakikuruhusu kuingia Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Uingereza, na anayeishi Belfast naye anahitaji viza ya Ireland ili aende Dublin. Cha hatari hasa ni ramani ya simu. Ukiomba njia ya kutoka Dublin hadi Letterkenny, miji yote miwili ya Jamhuri ya Ireland, aghalabu itakupitisha Omagh na Strabane, ambako ni Uingereza. Simu inatafuta njia fupi tu, haijui una viza gani. Zunguka kupitia Sligo. Ni mbali zaidi, lakini ukikamatwa bila ruhusa, jambo hilo laweza kukufuata katika kila ombi la viza baadaye.

Anayeishi Uingereza akitaka kwenda Ufaransa anahitaji viza ya Schengen, na polisi wa Ufaransa watamkagua akiwa bado Dover, bandari ya Uingereza, kabla ya kupanda feri. Wakati wa kurudi, Waingereza wanamkagua Calais, upande wa Ufaransa. Kadi za ukaazi za Uingereza zimepisha viza ya kielektroniki, kwa hiyo ukipata pasi mpya, ingiza namba yake kwenye akaunti yako kabla ya safari.

Gari nalo lina hati zake. La kukodi, soma mkataba unataja nchi zipi. La kuazima, pata barua ya mwenyewe iliyosainiwa. Bima iulizie kwa kila nchi utakayopita, hata ile utakayokaa saa moja.