Njia ya Zege Isiyopasuka Ovyo

Chimba mahali njia ya kupitia itakapokaa, kina cha sentimita 20, na uondoe udongo wote wenye mizizi. Jaza moramu au kokoto sentimita 10, ilowe kidogo, kisha shindilia hadi kisigino kisiache alama. Juu ya mtaro wa bomba uliofukiwa, shindilia tabaka kwa tabaka, maana hapo ndipo zege hutitia.

Funga mbao za pembeni kwa vigingi kila mita moja. Upande wa mbali na ukuta uwe chini, sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Kwa watembea kwa miguu unene wa sentimita 10 unatosha. Magari yanapokatiza, weka 15 na wavu wa nondo.

Uwiano ni 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Njia ya mita 10 kwa 1.2 hula mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50, mchanga zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo, na kokoto mita ya ujazo 1.1. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Anayeongeza maji ili zege liteleze vizuri anajirahisishia saa moja, halafu uso unatoa vumbi miaka yote.

Zege halilali, ni kweli, lakini halipigwi mwiko mapema pia. Ukishalisawazisha kwa rula ndefu, maji hupanda juu. Subiri yapotee yenyewe. Ukiyasugua ndani, au ukinyunyiza saruji kavu kuyakausha (kosa linalopendwa mno), unapata ngozi nyembamba itakayobanduka. Malizia kwa kuburuta ufagio kukatisha njia, miguu isiteleze mvua ikinyesha.

Sasa mikato. Zege likikauka husinyaa, na litapasuka tu. Mkato unalichagulia mahali. Kwa njia ya upana wa mita 1.2, kata kila mita 1.2 hadi 1.5, kina kiwe robo ya unene, yaani sentimita 2.5. Mkato wa sentimita 1 ni pambo, ufa utapita kando yake. Njia inapogusa ukuta au nguzo, tenganisha kwa kipande cha foamu cha sentimita 1.

Uso ukishakaza, funika kwa nailoni au magunia yaliyolowa kwa siku 7. Watu wapite baada ya siku mbili, magari baada ya 28. Magunia yasiachwe yakauke mchana ndipo yamwagiwe jioni: yakikauka, hufyonza maji ya zege lenyewe.