Namna ya Kutafuta Asili ya Ukoo kwa Wajukuu wa Manamba wa Tanga

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, na mashamba yake yakavuta watu wa makabila mengi kuja Tanga, wakiwemo manamba, yaani vibarua wa mkataba. Ndiyo maana Muheza na Korogwe wapo wengi wasiojua babu yao alitoka wapi. Anza na wazee walio hai, tena mapema. Piga hodi, toa shikamoo, na usiulize mara moja "sisi ni kabila gani?", kwa kuwa jibu huwa fupi mno. Uliza bibi alibembeleza watoto kwa wimbo gani, babu aliitwaje kambini, na hasa ni watani gani waliofika msibani kufanya mzaha, kwani utani huonyesha ukoo ulikotoka hata pale lugha yake ilipokwisha kusahaulika. Andika kila jina kama lilivyotamkwa. Omba pia kuona kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, ikiwa kimehifadhiwa sandukuni. Mzee akinyamaza, usimshurutishe, maana wapo waliobadili majina kwa sababu zao. Ukishapata jina la kijiji, wasiliana na mwenyekiti wake kabla ya kufunga safari.