Kibali cha apatimenti za sola Moshi: anza na paa, usifanye kama mimi

Nimetoka kuchukua kibali cha kujenga apatimenti nane upande wa Rau, hapa Moshi. Imenichukua miezi mitano, na mitatu kati ya hiyo imeliwa na paa. Kama unataka nyumba ya kupangisha inayotumia jua, soma haya kabla hujamlipa mchoraji.

Karatasi za mwanzo unazijua: hati, risiti ya pango la ardhi, kitambulisho cha taifa, barua ya mtaa. Angalia tu matumizi ya kiwanja yaliyoandikwa kwenye hati. Kama hayaruhusu apatimenti, anza na kubadilisha matumizi, na huko kuna foleni yake.

Sasa michoro. Ya usanifu inataka muhuri wa msanifu aliyesajiliwa AQRB, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi; ya muundo inataka muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi. Mimi kwa ujanja wangu nilimpa kijana wa bei poa achore vyote, kisha nikatafuta mihuri. Kwenye karatasi paa likawa bati na kenchi za mbao. Kichwani mwangu lilikuwa na paneli 20 na matangi manane ya maji ya moto.

Mzee aliyekagua faili aligeuza kurasa mara mbili, akavua miwani.

"Kijana, hii mitambo ya jua uliyoiandika kwenye maombi itakaa wapi?"

"Juu ya paa, mzee."

"Paa lipi? Hili la mbao?"

Sikuwa na jibu. Tangi la lita 300 likijaa ni kilo 300 za maji matupu. Manane ni tani 2.4, chuma chake hujahesabu. Paneli kubwa moja nayo inakaribia kilo 28. Faili likarudi. Kenchi zikatoka, ikaingia slabu ya zege, nguzo zikanenepa, nondo zikahesabiwa upya. Milioni mbili na laki nne zikaenda hivyo, na michoro ya zimamoto ikabidi irudiwe ili ifanane na mipya. Kwa hiyo mwambie mhandisi siku ya kwanza kila kitakachokaa juu, kwa kilo.

Utauliza matangi ya nini wakati hita za bafuni zipo. Hita moja ya papo kwa papo hula kilowati 5 hivi. Wapangaji wanane wakioga saa 12 asubuhi ni kilowati 40, na jua lenyewe bado halijatoka. Betri za kubeba mzigo huo ni bei ya kiwanja kingine. Maji yapashwe mchana na jua, yalale ndani ya tangi lililofunikwa vizuri. Pampu ya kisima nayo ifanye kazi saa sita mchana, ijaze simtanki. Hiyo haihitaji betri kabisa. Na mahesabu yako yafanye kwa Julai, wakati mawingu yanakaa juu ya mji hata mlima unausahau, siyo kwa Januari.

Paa liliporudi mezani tukageuza na jengo. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni saa sita mchana jua liko kaskazini, juu kama nyuzi 63. Dirisha la upande huo lenye kimo cha meta 1.2 linakingwa na slabu iliyotokeza sentimita 60 tu. Magharibi hakuna kinga hiyo. Jua la saa kumi linaingia chini chini mpaka kitandani. Kijana wangu alikuwa ameelekeza vyumba vyote vya kulala huko, eti vitazame barabara.

Kupakia maombi mtandaoni ni rahisi mfumo ukiwa macho. Wangu ulilala Ijumaa, ukaamka Jumanne. Ukipata kontroli namba, yaani namba ya kulipia, lipa siku hiyo hiyo, maana nayo ina tarehe ya kufa.

Kabla wakaguzi hawajaja kiwanjani, tafuta bikoni zako, yale mawe ya mipaka. Moja yangu ilikuwa imefukiwa kwenye migomba ya jirani. Tulichimba saa nzima, wao wakisubiri ndani ya gari, injini inaunguruma.

Kibali kikitoka, nenda TANESCO. Kila mpangaji na mita yake ya LUKU, na moja ya jengo kwa ajili ya ngazi, pampu na taa za nje. Sola unaiunga hapo. Ukitaka umeme wa ziada uingie kwenye gridi, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ina kanuni zake za tangu 2018, na utahitaji mita inayosoma pande mbili pamoja na fundi mwenye leseni. Omba kwanza, inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, utanunua baadaye, kwa sababu isipokubaliwa kwenye maombi, dukani hawaipokei tena. Mimi nimefika hapo: fomu ziko ndani, na fundi anapiga simu kila asubuhi kwamba inveta ziko kwenye ofa. Simu yake sipokei.