Kuandika "a-" ya Kiswahili kwa Kiingereza bila kubahatisha jinsia

"Abiria akipoteza kadi yake, afike dirishani." Tangazo kama hili la kituo cha mabasi ya mwendokasi, Dar es Salaam, halina haja ya kusema abiria ni mwanamume au mwanamke, "a-" inawabeba wote. Taabu huanza unapoliandika kwa Kiingereza: mkono unakimbilia "he", na kina mama wa Kimara wanaachwa nje.

Hatua ya 1: Je, mhusika anajulikana? Kama ni dada wa mapokezi, andika "she". Aliyeomba aitwe "they", mwite hivyo. Kama ni yeyote yule, endelea.

Hatua ya 2: Weka "they" kwa mtenda, "them" kwa mtendwa, "their" kwa umiliki: "If a passenger loses their card, they should go to the window." Kiingereza kimefanya hivi tangu karne ya 14, kwa hiyo si kosa la vijana wa mitandaoni.

Hatua ya 3: Kagua vitenzi. Hapa ndipo wengi huteleza. Nomino hubaki na kitenzi cha umoja, lakini "they" huchukua cha wingi hata mtu akiwa mmoja: "The passenger has paid, but they have no receipt." Usiandike "they has". Ni sawa na "you are", tunayomwambia mtu mmoja kila siku.

Hatua ya 4: Hesabu watu. "The landlord told the tenant they must repair the door": nani atengeneze mlango? Mkataba wa chumba Sinza ukiandikwa hivyo, umeandika ugomvi. Rudia "the tenant" kila mara, hata kama sikio linachoka, au ondoa kiwakilishi: "pay the rent", si "pay their rent".

Hatua ya 5: Kwa kazi za chuo, mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7 la 2019, unakubali "they" ya umoja. Msimamizi akiikataa, geuza wingi: "Students must sign their forms." "He or she" inavumilika mara moja, si mara tatu katika aya. "It" kwa mtu mzima ni tusi.

Unapotafsiri kurudi Kiswahili, soma kwanza sentensi iliyotangulia. "The driver called, they are at Ubungo" si "wapo Ubungo". Dereva ni mmoja: yupo Ubungo.