Ampli ya zamani inayounguza fyuzi: anzia hapa

Ampli (mashine za kukuza sauti) nyingi zinazoletwa kwetu Kadutu, Bukavu, zinafika zimefungwa waya wa shaba mahali pa fyuzi. Jamani, tuache! Fyuzi ikiungua, mara nyingi kuna shoti ndani. Ukiilazimisha, ubovu wa tranzista mbili unafika mpaka kwenye transfoma, na transfoma ya ampli ya zamani utaipata wapi?

1. Chomoa umeme. Toa chaji ya kapasita kubwa (vikopo vinavyotunza umeme) kwa rezista ya omu 220, wati 5, si kwa bisibisi. Pima mpaka mita isome karibu na sifuri.

2. Tazama, nusa. Tafuta kapasita iliyovimba kichwa na rezista iliyoungua. Geuza bodi, angalia miguu ya vitu vizito na vinavyochemka: utaona kiduara chembamba cheusi kwenye risasi ya kulehemu. Hapo pameachia. Lehemu upya.

3. Weka mita kwenye mlio, pima tranzista za mwisho (zile kubwa zinazosukuma spika), kati ya mguu wa kolekta na wa emita. Mita ikilia, imekufa. Badilisha zote za upande huo, pima draiva (tranzista ndogo zinazozisukuma) na rezista za emita, rudisha maika (karatasi ya kuzuia umeme chini ya tranzista) na pasta ya joto. Feki za tranzista za 2SC5200 na 2SA1943 ni nyingi mno. Afadhali utoe nzima kwenye ampli iliyokufa.

4. Washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 (si LED), iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, shoti bado ipo.

5. Bafle (maboksi ya spika) zisiunganishwe bado! Pima volti DC (umeme usiogeuka mwelekeo) kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti kadhaa, bafle itaungua koili.

Maswali na majibu

— Fundi, yangu inanguruma hata nikifunga volyumu.
— Mara nyingi ni kapasita za pawa zimekauka. Weka mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za digrii 105. Usigeuze chanya na hasi.

— Relei (swichi inayogonga kabla sauti haijatoka) haigongi. Niiruke kwa waya tupate sauti ya ibada Jumapili?
— Usithubutu, ndugu yangu. Huenda inazuia DC isifike kwenye bafle za kwaya. Rudi namba 5.

— Volyumu inakwaruza. Petroli itafaa?
— Hapana dada, inashika moto. Pulizia dawa ya kontakti ampli ikiwa imezimwa, zungusha kitufe huku na huku, acha ikauke ndipo uwashe.