Kuiandaa Hiace Iliyotumika kwa Safari ya Tabora hadi Kigoma

Hiace iliyotumika Japani kwa miaka kumi au zaidi, kisha ikaletwa Tabora kubeba watu na mizigo, inaweza kufika Kigoma na kurudi salama, mradi mwenye gari ameanza kuiandaa wiki moja kabla na si asubuhi ya safari. Njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza hukatiza misitu ya miombo na kuvuka mto Malagarasi, na katika sehemu hiyo ya kati fundi mwenye vifaa kamili hapatikani kwa wepesi kama Tabora mjini. Kazi ambayo nyumbani ingechukua nusu saa, huko inaweza kukulaza porini. Nimeendesha magari haya kwa miaka mingi, na nimeridhika kwamba kinachoziua injini zake mapema ni joto kuliko uzee. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu maji, rejeta na mipira yake.

Kwanza ijue injini yako. Hiace za umbo lililotengenezwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 mara nyingi huwa na injini za dizeli zenye majina ya 2L, 3L, 5L au 1KZ, na za umbo lililofuata huwa na dizeli za 2KD na 1KD au petroli za 1TR na 2TR. Dizeli zote nilizozitaja hutumia taimingi belti ya mpira, yaani mkanda unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, ilhali petroli za 1TR na 2TR hutumia cheni. Belti ikikatika gari likiwa mwendoni, valvu hugongana na pistoni, na hapo injini haina tiba nyingine ila kufunguliwa. Kwa kawaida belti hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, na hata taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha belti, inaweza kuzimwa bila belti kuguswa. Gereji nyingi za Japani hubandika stika yenye tarehe na kilomita za siku ya kubadilisha belti, ama kwenye kifuniko cha injini ama pembeni mwa mlango. Itafute stika hiyo. Usipoiona, na aliyekuuzia hana uthibitisho wowote, badilisha belti pamoja na tenshena yake (kifaa kinachoikaza), na pampu ya maji kama iko katika eneo hilohilo, kwa maana ufundi wa kufungua unaulipia mara moja.

Sasa tuje kwenye joto. Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya rejeta ni mfuniko wake, ambao huyabana kwa mgandamizo, pamoja na kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa na maji safi. Mfuniko ambao mpira wake umekauka au springi yake imelegea huondoa sehemu kubwa ya kinga hiyo, na gari linaweza kuchemsha hata kama rejeta ni mpya. Mfuniko ni spea ya bei ndogo; nunua mwingine wenye kipimo kilekile kilichoandikwa juu yake. Maji ya bomba au ya kisima yakitumika peke yake kwa miezi mingi huacha magadi na kutu katika vijia vya rejeta, kwa hiyo mwombe fundi ayamwage, asafishe mfumo wote, kisha aweke mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa madini, kama yale ya kuongezea betri.

Jambo ambalo mafundi wetu wengi hulipita ni mabomba ya hita ya nyuma. Hiace nyingi za Japani zina hita ya kuwapasha joto abiria wa nyuma, na maji yake hupita katika mabomba ya chuma yaliyolazwa chini ya sakafu, mahali ambapo tope na mawe huyapiga kila siku. Huku kwetu hakuna anayeiwasha hita hiyo, lakini maji yanaendelea kupita humo. Gari langu la kwanza lilipoteza maji kupitia bomba la namna hiyo lililotobolewa na kutu, nami nilikuwa nikitazama mbele tu, kwenye rejeta, ambako palikuwa pakavu kabisa. Nilipoona mshale wa joto umepanda, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, ilikuwa imekwisha kuungua. Tangu siku hiyo nikinunua gari la aina hii, kwanza nalala chini yake na kupapasa mabomba hayo kwa mkono hadi mwisho. Yakiwa yameanza kuliwa na kutu, fundi anaweza kuyatenga kwa kuyaunganisha maji huko mbele, na hutapungukiwa na chochote.

Ikague pia feni. Kwenye injini ambazo feni yake huzungushwa na belti kupitia klachi ya mafuta, izungushe kwa mkono injini ikiwa imepoa na kuzimwa: inapaswa kuleta ukinzani kidogo. Ikizunguka ovyo kama pangaboi, klachi yake imekufa, na utalijua hilo siku utakapopanda mlima na mzigo. Mapezi ya rejeta huziba kwa vumbi, wadudu na mbegu za nyasi. Yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Akitokea fundi wa kukushauri uitoe termostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata joto) ili gari lipoe vizuri, usikubali. Injini isiyo na termostati huchelewa kufikia joto lake la kazi na hulika haraka, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi bila kufika kwenye rejeta, hivyo tatizo unaloliogopa ndilo unalolikaribisha.

Kipimo cha mwisho cha upande huu hufanywa alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta, hakikisha maji yamejaa, kisha mtu mwingine awashe gari huku wewe ukitazama. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma, au mpira wa juu unaokuwa mgumu ndani ya dakika chache kabla maji hayajapata moto, ni dalili kwamba hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili nyingine. Gari lenye dalili hizo lisitoke mjini.

Oili ibadilishwe pamoja na filta yake kabla ya safari, hata kama kilomita hazijatimia. Kwa dizeli kongwe zenye kazi nzito, mimi sivuki kilomita 5,000. Filta ya hewa ipewe uzito wake, kwa kuwa kiangazi vumbi ni jingi kila unapoiacha lami. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na ikichanika itupwe. Kwa upande wa dizeli, legeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli na umwage maji yaliyojikusanya, kisha jaza tangi kwenye kituo unachokiamini. Dizeli ya kwenye madumu epukana nayo, kwa sababu ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa haiilainishi pampu ya dizeli ipasavyo, na pampu hiyo pamoja na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini ni vitu vya gharama kubwa kuliko mafuta ya safari nzima.

Matairi yasomwe, yasitazamwe tu. Pembeni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (mikato ya sehemu inayokanyaga barabara) nzuri na bado mpira wake ukawa umezeeka na kupasuka pembeni. Hakikisha ni tairi za kubebea mzigo, zenye herufi C baada ya kipimo, kwa mfano 195R15C, si za gari dogo la familia. Upepo upimwe zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Tairi la akiba la Hiace huning'inia chini ya sehemu ya nyuma kwa mnyororo, na utaratibu wake wa kulishusha hukwama kwa tope na kutu. Lishushe na kulipandisha ukiwa nyumbani. Chukua jeki, spana ya magurudumu na kipande cha ubao mnene cha kuwekea jeki kwenye mchanga.

Breki za nyuma zifunguliwe, vumbi litolewe, na silinda ndogo zikaguliwe kama zinavuja. Mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ukichagua kurudi kwa njia ya Kasulu, kumbuka kwamba Kigoma iko kando ya ziwa, chini sana kuliko milima ya upande wa Kasulu. Kila mteremko, kwa kwenda au kurudi, ushuke kwa gia ndogo ili breki zisishike moto. Boljointi, tai rodi, beringi na bushi, yaani viungio vya usukani na vya magurudumu, fundi azitikise moja baada ya nyingine, gari likiwa limeinuliwa.

Ndani ya gari weka lita kumi za maji safi, lita mbili za oili, feni belti, mipira ya maji na klipu zake, fyuzi, filta moja ya dizeli, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari. Njiani simama Urambo au Kaliua, uguse kila gurudumu katikati: lenye joto kali kuliko mengine lina beringi au breki inayokaza. Mshale wa joto ukipanda, simama, zima, na usiuguse mfuniko wa rejeta hadi injini ipoe. Katika vituo vya kawaida, ambapo joto halijapanda, gari lenye turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) liache liungurume dakika moja au mbili kabla ya kulizima.

Ukifika Kigoma, liache gari lilale mpaka asubuhi, kisha kabla ya kuliwasha pima maji na oili, na andika kiasi ulichoongeza. Yakiwa yamepungua kwa namna inayoonekana, mtafute fundi hukohuko mjini kabla ya kupakia mzigo wa kurudi.